Mapumziko ya Wanaovuta

Koboko,
20 Oktoba 2024

Mwanangu Alice,

Niwie radhi kwa kimya changu. Barua yako ya mwisho ilinifikia mahindi yakiwa bado shambani, na leo mahindi yamekwisha kupukuchuliwa nami sijaijibu. Sikuwa mgonjwa, wala karatasi haikunikosa. Nilianza kukuandikia mara kadhaa, nikafika mwisho wa salamu, nikaiacha kalamu mezani. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kuandika barua hadi akastaafu hana udhuru wa kushindwa na barua moja, kwa hiyo sitatoa udhuru.

Sisi sote hatujambo. Baba yako Tombe bado analalamika kwamba watu wa siku hizi hunong'ona, ilhali ni masikio yake yanayoziba. Karanga za mwaka huu zimekuwa nzuri kuliko simsim. Paa la jiko limeezekwa upya. Betty ameng'oka meno ya mbele na sasa hutema mate kidogo kila anapoitamka herufi s, jambo linalomchekesha kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Shuleni anafanya vizuri. Mwandiko wake ni mbaya, lakini hata wako ulikuwa mbaya.

Jambo linalonifanya nikuandikie ni hili. Tangu Betty aliporudi kutoka kwako mwezi wa Septemba, ameleta mchezo mpya hapa nyumbani. Huwapanga watoto wa jirani kwenye mstari mmoja, wote wamepiga magoti, kila mmoja na rundo la majani makavu ya mtiki mbele yake. Huyachambua majani hayo, ya manjano upande huu, ya kahawia upande ule. Mara ya kwanza nilipowaona nilifurahi, nikidhani ni somo walilopewa na mwalimu. Kisha Betty akagonga sufuria. Watoto wengi wakainuka na kwenda nyuma ya jiko, kila mmoja na kijiti cha mtama. Hawakukishika kijiti kama watu wanavyoshika sigara. Walikigeuza, wakaiweka ncha moja ndani ya kinywa, wakafumba midomo, wakatoa pumzi puani.

Shakirah, yule binti mdogo wa nyumba ya pili, alibaki amepiga magoti peke yake, analia. Nikamwambia Betty ampe mwenzake kijiti ili naye ainuke. Nakuandikia jibu lake kama alivyolitoa, na makosa yake yote:

"Huyu haiko na sigara, Bibi. Kama haiko na sigara, hapana pumzika."

Sikumsahihisha. Hilo peke yake likuonyeshe hali niliyokuwa nayo.

Nilipomuuliza alikoyaona mambo hayo, alisema kwamba ni kwa mama, kazini. Nilipozidi kumuuliza alianza kuchezea pengo la meno yake. Siwezi kumhoji mtoto wa miaka saba kuhusu mama yake. Nakuuliza wewe mwenyewe. Je, unavuta sigara?

Uliniomba nimwachie Betty aje kuishi nawe Arua na kuanza muhula wa kwanza huko mwezi wa Februari. Wewe ndiwe uliyemzaa, nami nimemlea tu tangu baba yake Lado alipokwenda Yei, ng'ambo ya mpaka, kuangalia shamba lao na asirudi. Lakini baba yako ameniachia mimi uamuzi huu, nami sitauamua nikiwa nimefumba macho. Nijibu kwanza.

Usinipigie simu. Baba yako huiweka simu kwenye kipaza sauti, na mtaa mzima husikia pamoja naye. Mpe Sule barua, yeye hupita na gari lake hapa kila siku.

Shangazi yako,
Emilia Yengi


Arua,
10 Novemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, Baba, Betty na majirani wote. Barua yako imechelewa kwa sababu Sule aliiweka chini ya mkeka wa gari lake, akaisahau, ikaenda na kurudi Koboko pamoja naye sijui mara ngapi. Nilipoipata ilikuwa na vumbi na alama ya kiatu. Usimgombeze. Gari lenyewe lilikuwa gereji siku kadhaa.

Mimi sijambo. Mvua bado zinanyesha hapa, na barabara ya mtaani kwetu ni tope tupu. Nimehama kile chumba chenye kuvuja. Hiki cha sasa kina dirisha la upande wa mashariki, na mwenye nyumba ni mjane kutoka Logiri ambaye hapendi makelele. Nimekwisha kununua godoro la Betty na kulifunika kwa shuka ili lisiingiwe na vumbi. Shule niliyomtafutia iko karibu kiasi kwamba kengele yake naisikia nikiwa kitandani. Nilimwona mwalimu mkuu. Ni mama mkali, utampenda.

Ulitaka kujua kuhusu kazi. Kazi ni ileile, kuchambua tumbaku. Wakulima wanaileta ikiwa imekaushwa, nasi tunaitenga kwa rangi na urefu kabla haijafungwa marobota. Ni kazi ya vidole na macho. Harufu ya majani huingia kwenye nywele, kwenye nguo, hata kwenye mkate. Watu wakikaa nami garini huniangalia vibaya, nami huwaambia nafanya kazi kiwandani, basi wanaelewa. Siku hizi naacha chakula kipoe kabisa kabla ya kula. Joto la hapa limezidi mno.

Betty alipokuwa kwangu, siku za kazi sikuwa na mtu wa kumwachia. Alikaa kwenye kibanda cha mama wa chai, mkabala na lango letu, na kutoka pale aliweza kuona uani kupitia uzio. Watoto wanaona mambo mengi na kuyachanganya. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilimwambia kila mtu kwamba padri anakunywa damu.

Nimefurahi kusikia paa la jiko limekwisha. Mwambie Baba nimemtafutia dawa ya masikio, Sule ataileta. Mwambie Betty mama anaumwa na hamu ya kumwona.

Ni mimi mtoto wako,
Alice


Koboko,
24 Novemba 2024

Alice,

Barua yako nimeipata, na dawa imefika. Baba yako ameitia sikio moja tu, kwa maelezo kwamba lile lingine analiweka kwa ajili ya usingizi. Betty alikuwa na homa kidogo wiki iliyopita, sasa amepona. Nyumbani hapana jingine la kueleza.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Imenieleza dirisha, godoro, mjane wa Logiri, kengele ya shule na padri. Nilichokuuliza hakimo. Nilikufundisha wewe mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye mkeka huu ninaouona hapa, kwamba swali hujibiwa kwanza na maelezo hufuata.

Lakini kuna sentensi moja uliyoiandika bila kukusudia, nami nimeisoma kuliko zote. Umesema kwamba unaacha chakula kipoe kabisa kabla ya kula. Wewe, Alice, uliyekuwa ukitoa muhogo kwenye moto kwa vidole na kuula ungali unatoa mvuke, hadi marehemu mama yako akakuita mbwa wa jikoni. Joto la Arua halijazaliwa jana.

Sasa nikueleze ninachokijua, usije ukafikiri kwamba ni Betty peke yake aliyenifungulia macho. Tulipokuwa wakimbizi upande wa Kongo, kabla hujazaliwa, tulipanga chumba Ariwara kwa mama mmoja muuza samaki wakavu. Yeye na wenzake wote sokoni walivuta hivyo, moto ndani na mwisho wa baridi nje. Walikuwa wakipanga samaki, wakipokea fedha, wakigombana na wateja, na sigara imo kinywani, inawaka, wala mtu asiijue. Mimi nilikuwa msichana, nikaona ni ufundi mkubwa. Mwaka wa pili mama yule alianza kunywa uji tu. Baadaye hata uji ulimshinda, kwa sababu kaakaa lake lilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Tulimzika kabla ya kurudi nyumbani. Alikuwa na umri ulio nao wewe, labda umemzidi kidogo.

Kwa hiyo nilipomwona Betty amefumba midomo na kijiti kinywani, sikuona mchezo.

Kuna jambo jingine, na hili silielewi hata kidogo. Kwa nini Shakirah alibaki amepiga magoti? Katika maisha yangu yote nimeona mvutaji akifukuzwa, akitengwa, akikemewa. Sijapata kuona asiyevuta akiadhibiwa. Nimemuuliza Sule, ambaye hupita hapo kiwandani kuchukua abiria. Alisema kwamba wanawake wa huko wote wanavuta. Kesho yake alisema kwamba hakuna hata mmoja anayevuta, hajawahi kumwona mwanamke pale na sigara mkononi. Nilimwambia achague moja. Akasema, "Mwalimu, yote mbili ni kweli." Nikamwacha.

Nataka jibu la neno moja. Baada ya hapo unaweza kuandika kurasa utakazo.

Shangazi yako,
Emilia Yengi


Arua,
15 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na homa ya Betty. Mimi nipo. Ndiyo.

Umetaka neno moja nikalitoa, sasa niache nieleze.

Nilipoanza kazi mwaka jana sikuwa nimewahi kushika sigara. Tunachambua tukiwa tumepiga magoti juu ya magunia, tangu asubuhi. Mapumziko ya chakula cha mchana ni ya wote. Lakini katikati ya asubuhi, na tena alasiri, msimamizi wetu Obitre anagonga kipande cha bati na kuwaita wavutaji watoke. Sababu yake ni moto. Ghala zima limejaa majani makavu, na wenye kiwanda wanaogopa kwamba mvutaji akizidiwa na hamu atajificha katikati ya marobota na kutuunguza sote. Ndiyo maana wavutaji wanapelekwa uani, ng'ambo ya uzio wa pili penye ndoo za mchanga, wakavute, wamalize, warudi. Asiyevuta hana la kufanya huko, basi anabaki. Hakuna aliyeiweka sheria hii kwa ubaya. Ukimuuliza Obitre, atakuambia kwamba inatulinda.

Kila siku niliona wanawake wakiinuka, wakijinyoosha migongo, wakikaa kwenye matofali na kunyoosha miguu. Sisi wengine tulisikia vicheko vyao tukiwa tumeinamia majani. Elise, yule mama mrefu wa Ariwara niliyekuandikia habari zake, siku moja alisimama karibu yangu akaniambia, "Wewe mutu ya kusoma, na iko unakufa na magoti yako hapa. Shika moja, twende."

Nikashika. Mwanzoni sikuiwasha. Nilikaa nayo mkononi kama mtu anayengoja kiberiti. Obitre aligundua, akasema asiyetoa moshi arudi ndani. Nikawasha. Nilikohoa hadi wenzangu wakaona aibu kwa niaba yangu.

Halafu upepo wa kiangazi ukaanza. Obitre akasema kwamba siku za upepo ua utafungwa, kwa sababu cheche moja ikirukia ghalani sote tumekwisha. Elise akamwambia angoje kidogo. Akawasha sigara, akaigeuza, akaiingiza moto ndani, akafumba midomo, akapunga mikono mbele yake kama mtoto anayeonyesha kwamba hakuiba kitu. Hakuna cheche, hakuna majivu. Obitre alimzunguka akimtazama. Mwishowe akasema wanaoweza kuvuta hivyo watoke siku za upepo, wasioweza wabaki. Juma lile halikuisha kabla hatujajifunza wote. Mimi nililia siku ya kwanza, na Elise alinipulizia mdomoni kama unavyompulizia mtoto aliyeunguzwa na uji.

Ndiyo maana Sule amekuambia mambo mawili. Uani kuna wanawake wengi wanaovuta, na sigara hazionekani.

Baada ya barua yako nilimwambia Obitre kwamba nimeacha kuvuta, lakini naomba nitoke na wengine nikapumzike. Hakunikasirikia. Aliniuliza, "Utakwenda kufanya nini huko, Alice? Kuwatazama wenzako?" Nikamwambia kwamba nitakaa tu. Akasema akiruhusu mtu akae tu, atakuwa ameruhusu ghala zima, na yeye ana wakubwa wake. Nikabaki ndani. Hata wale wasiovuta hawakunipokea vizuri. Waliniuliza kama nimefukuzwa peponi. Mwisho wa juma goti la kushoto lilivimba, nikashindwa kuinama kwenye jiko langu mwenyewe. Mjane alinipikia.

Sasa nimerudi uani. Siku nyingine nawasha, siku nyingine Elise anavuta kwa nguvu ili moshi wake ututoshe wawili. Siku za upepo lazima kila mtu awe na moto wake, kwa sababu Obitre anapita akitazama mashavu.

Kaakaa langu linawasha nikila pilipili au kitu cha moto. Hilo tu. Usilifanye kubwa.

Nimechanganyikiwa, Shangazi, nami nakuuliza wewe kwa sababu tangu utotoni wewe ndiwe uliyekuwa na majibu. Nikiacha sigara, magoti yataniondoa kazini, na bila kazi hakuna chumba wala shule ya Betty. Nikiendelea, hutanipa Betty. Nifanye lipi ili nimpate mwanangu?

Sitakuja Krismasi. Tumbaku ni nyingi na wametuomba tuendelee. Betty nimemshonea gauni, ataletewa.

Jambo dogo. Mama wa chai ameniambia kwamba siku fulani alikuja bibi mmoja akakaa kwenye kibanda chake, akaagiza chai na hakuimaliza. Alikuwa na mwavuli mweusi uliofungwa kwa uzi mwekundu. Nikamwambia kwamba wanawake wenye miavuli ni wengi katika West Nile.

Mtoto wako,
Alice


Koboko,
12 Januari 2025

Mwanangu Alice,

Krismasi ilipita salama. Gauni lilifika, lilikuwa refu kidogo, nikalipinda. Baba yako alichinja jogoo yule mkorofi, na nyama yake ikawa ngumu kama tabia yake. Tulikuombea kanisani. Betty aliimba pamoja na watoto wengine, na kila penye herufi s waliosimama mbele yake walijipangusa shingo.

Barua yako haikuchelewa njiani. Ilifika kesho yake. Aliyechelewa ni mimi.

Mwavuli ule ni wangu. Unaujua, na ulijua ulipokuwa ukiandika. Nakushukuru kwa kuniachia mlango wa kutokea, lakini sitautumia. Nilikuja Arua mwanzoni mwa Desemba, bila kumwambia mtu, kwa gari jingine ili Sule asijue. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno yangu. Nilikusudia kwanza kukuona kwa macho yangu, kisha kukuita langoni, kisha kumwita msimamizi wako na kumwuliza mbele yako ni shule gani iliyomfundisha kuwapumzisha wenye kosa na kuwafungia wasio na kosa. Wakati ule sikuwa nimeipata barua yako, ila mama wa chai alikuwa amenieleza. Ana maneno mengi.

Bati likagongwa. Mkatoka. Mlikaa kwenye matofali, mashavu yamejaa, moshi unatoka puani, na kati yenu wote sikuona sigara hata moja. Nilikutambua kwa kitambaa chako. Ulikuwa umenyoosha miguu mbele, unasugua goti la kushoto. Yule mama mrefu alisema jambo. Ulikitoa kile kitu kinywani, ukacheka, ukacheka hadi ukaegemea bega lake, naye akakushika usianguke. Sijakuona ukicheka namna hiyo tangu Lado alipoondoka.

Kutoka pale kibandani mlango mkubwa wa ghala nao unaonekana. Nikawatazama wale waliobaki. Safu ya migongo. Hakuna aliyeinua kichwa.

Nilikuwa nimekuja kukutoa katika kundi moja, Alice, na nilipotazama kundi la pili nikaona kwamba sikutaka uwemo humo pia. Nikajiuliza nilichokuja kukataza. Kama ni moto, nimeona mapumziko uliyopewa pamoja nao. Kama ni msimamizi, naye anaogopa ghala kuungua, na ana haki ya kuogopa. Yale maneno niliyoyapanga hayakuwa na mtu wa kumwendea. Nikalipia chai, nikaondoka. Nilipofika stendi nikakumbuka kwamba sikuinywa.

Nilimweleza baba yako. Ilinibidi nipaaze sauti, kwa hiyo nadhani jirani wanajua. Nilitarajia kwamba atakasirika. Akaniuliza kama nimesahau kwamba baba yetu alivuta kiko hadi kufa kwake, na watu wakamwita mzee mwenye busara. Nikamwambia kwamba yule alikuwa mwanamume. "Na bibi yetu je?" akasema. "Kiko chake nani alikuwa akikijaza kila asubuhi, kama si wewe?" Ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nikikijaza. Bibi alivuta akiwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, na nyumba nzima tulijua kwamba wakati ule hatumwombi kitu. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilidhani kwamba ninachokichukia kwako ni kile ambacho wanawake wa kwetu hawakupata kukifanya.

Lakini bibi hakuwa na msimamizi wa kumtazama mashavu. Na yule mama wa Ariwara nilimwosha mwenyewe kabla hatujamzika. Ninayajua haya mawili kwa pamoja, na hayataki kukaa katika sentensi moja.

Kuhusu kaakaa lako, hapa siko katika mashaka yoyote. Utakwenda hospitali, ufumbue kinywa, watazame. Usiniandikie kwamba ni jambo dogo. Nitakapoamua habari za Betty nataka niwe najua anakwenda kwa mama ambaye bado anakula.

Betty ameviweka viatu vyake ndani ya sanduku la shule, pamoja na gauni ulilomshonea na kitana. Hakuniuliza. Asubuhi huvitoa ili avivae, jioni huvirudisha sandukuni. Akiulizwa, husema kwamba Februari ikifika hataki kuchelewa. Nimefikiri kumzuia hapa hadi uache, na nimeona kwamba nitakuwa namfanya mtoto alipie sheria ya kiwanda. Nimefikiri kumleta, na nimemwona tena amekaa kwenye kile kibanda cha chai, anatazama kupitia uzio, anajifunza. Nimefikiri kukuita urudi nyumbani uchague karanga pamoja nami. Karanga hazilipi ada, na hata huku zinachaguliwa kwa magoti.

Sasa nikueleze jambo la juzi, kisha nimalize.

Nilikuwa nimepiga magoti barazani tangu asubuhi, nachagua mbegu za kupanda. Watoto walikuwa uani na mchezo wao. Sijaupiga marufuku. Nilitaka kufanya hivyo siku nyingi, lakini kila nilipofungua kinywa sikujua nikataze sehemu gani. Betty akagonga sufuria. Safari hii wakainuka wote. Hata Shakirah alikuwa na kijiti chake, kirefu kuliko vya wengine, na alikwenda nyuma ya jiko akijivuna. Nikarudi kwenye karanga zangu.

Betty akarudi peke yake. Akasimama mbele yangu, akanitazama nilivyopiga magoti, akatia mkono mfukoni, akatoa kijiti cha mtama na kuniwekea kiganjani.

"Bibi, shika," akasema. "Usibaki ndani."

Nilikuwa na la kumwambia. Nimekuwa na la kuwaambia watoto maisha yangu yote. Nikatazama lile rundo la karanga, na nikajaribu kukumbuka ni lini mtu aliniambia niinuke. Kisha nikamshika bega, nikainuka, kwa sababu magoti yangu nayo si mazuri. Kijiti sikukiweka kinywani. Nilikishika tu, kama ulivyokuwa ukishika sigara yako mwanzoni, nikaenda kukaa nao nyuma ya jiko. Hakuna aliyeniuliza nimekuja kufanya nini. Shakirah alinisogelea akaniegemea. Tulikaa hivyo, tukitazama ukuta, hadi sufuria ilipogongwa tena.

Kijiti hicho kiko hapa mezani, karibu na wino. Bado sijaamua. Viatu vya Betty vimo sandukuni, wala sikuvitoa. Nitakapoamua nitakuandikia, na barua hiyo haitapanda gari la Sule. Nitaileta mwenyewe, alasiri, muda mfupi kabla ya bati kugongwa, na safari hii nitabisha langoni.

Shangazi yako,
Emilia Yengi